Tunda Lirudi Kwenye Sahani ya Mzee

Mazungumzo kwa wazee na familia zao, Kihoto, Naivasha



Mada ya leo ni matunda katika chakula cha mzee. Huenda mtu akaona ni mada nyepesi ikilinganishwa na maji ya ziwa, kodi ya nyumba au bei ya unga. Lakini mzee anayekaa miezi mingi bila tunda huanza kulipa kwa njia ambazo watu hawazihusishi na chakula. Choo kinakuwa kigumu. Damu inapungua. Presha inakataa kushuka vizuri hata dawa zikimezwa. Uchovu unakuja, na familia inasema ni uzee tu. Wakati mwingine si uzee tu, na nauli ya kwenda hospitali inazidi kwa mbali bei ya ndizi.

Ni vigumu kumpata mzee wa Kihoto asiyejua kwamba matunda ni mazuri. Redio imesema, kliniki imesema, na wajukuu wameleta habari hiyo kutoka shuleni. Tatizo si kutojua. Tunda limeondoka kwenye sahani ya mzee polepole, kwa sababu ambazo kila moja ina maana yake: mazoea, meno, hofu ya sukari, pesa, mafuriko, na hata upendo wa wajukuu. Kwa hiyo mazungumzo haya hayamkaripii mtu. Yatapitia sababu hizo moja baada ya nyingine, na kwa kila moja kutaja njia inayoweza kufuatwa hapa hapa mtaani.

Hali ilivyo nchini

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Gramu hizo hugawanywa katika visehemu vitano vya gramu 80 kila kimoja. Kisehemu kimoja ni kama chungwa moja la kadiri, ndizi moja mbivu ya kadiri, au kipande cha papai kinachotosha kiganja. Mboga za kienyeji na sukuma wiki zinahesabiwa humo. Viazi na mihogo havihesabiwi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba asilimia 94 hawakufikia visehemu vitano kwa siku. Yaani katika kila watu 100, ni 6 tu waliofikia kiwango hicho. Utafiti huo huo ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima, asilimia 23.8, walikuwa na presha ya juu. Hesabu hiyo iliishia miaka 69. Waliofika 70 na kuendelea hawakuulizwa, ilhali ndio wenye meno machache na dawa nyingi.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini. Kwa hiyo jambo hili haligusi nyumba moja au mbili. Linagusa karibu kila boma na kila ploti.

Tunda lililochumwa na tunda linalonunuliwa

Wazee wengi wanaoishi karibu na Ziwa Naivasha hawakuzaliwa hapa. Walikuja kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya maua, wakapanga vyumba, wakazeeka mjini. Walikolelewa, tunda halikuwa kitu cha kununua. Mpera ulikuwa kando ya njia, mlokwati nyuma ya jikoni, ndizi mbivu zikining'inia ghalani, na mtoto alichuma akiwa njiani kwenda kuteka maji. Kwa mtu aliyekua hivyo, kutoa pesa mfukoni kununua pera huonekana kama kununua hewa. Pesa ni za unga, mafuta, makaa na dawa.

Mazoea hayo yanaeleweka, lakini mahali pamebadilika. Kwenye chumba cha kupanga hakuna mpera. Tunda lisipowekwa kwenye orodha ya matumizi pamoja na chumvi na majani ya chai, halitaingia nyumbani kwa njia nyingine yoyote.

Kuna na mazoea ya pili. Katika nyumba nyingi, tunda ni la mtoto au la mgonjwa. Mzee akilazwa hospitalini, jamaa wanafika na machungwa, ndizi na tikitimaji. Siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani, matunda yanakoma, kana kwamba kazi yake ilikuwa kumtoa kitandani. Wageni wakimtembelea akiwa mzima, humletea mkate, sukari na soda. Hakuna ubaya katika mkate. Lakini chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vidogo vipatavyo 8. Mgeni anayemjali shosho angefanya vyema zaidi akimletea papai lililoiva.

Halafu kuna wajukuu. Wazee wengi wanalea watoto wa watoto wao. Shosho akipewa ndizi mbili, moja humpa mjukuu aliye karibu, na ya pili humwekea yule aliye shuleni. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini tunda huoza. Mara nyingi ndizi hiyo huiva kupita kiasi, ikatupwa, na aliyeinunua asionje hata kipande. Upendo huo ni mzuri na hakuna wa kumwambia shosho aache kuwapenda wajukuu. Kinachofaa ni kugawa tunda pale pale, mbele ya wote, mzee akianza kuonja. Mtoto anayemwona bibi yake akila tunda kila siku hujifunza kwamba chakula hicho si cha wagonjwa, na hujifunza kumbakishia mkubwa.

Meno na tumbo

Sababu nyingine wazee hawaitaji kwa sauti: tunda linauma. Chungwa linachoma fizi, tufaha haling'ateki, nanasi lina nyuzi zinazokwama.

Katika Bonde la Ufa hali ya meno ina historia yake. Mawe ya volkano yanayozunguka Naivasha, Gilgil, Nakuru na Njoro huachia floridi kwenye maji ya visima vingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima kadhaa katika bonde hili huzidi kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakiathirika sana huwa rahisi kumeguka. Wapo wazee waliokunywa maji ya namna hiyo tangu utotoni. Wakifika miaka 70, mdomo hauna nguvu ya kutafuna kitu kigumu.

Dawa ya hilo si kuacha matunda, ni kuchagua yanayokubaliana na mdomo. Papai lililoiva hukatwa, mbegu zikatolewa, likaliwa kwa kijiko. Ndizi mbivu hupondwa kwa uma. Embe lililoiva sana hukamuliwa nyama yake. Avokado huliwa kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye ganda lake. Tunda damu hukatwa katikati na nyama yake ikachotwa. Pera gumu au tufaha huweza kukatwa vipande na kuchemshwa kwa maji kidogo hadi lilainike, bila kuongeza sukari.

Wengine huogopa tunda wakati wa baridi, hasa Juni na Julai, wakisema linaleta homa. Homa huletwa na virusi, hailetwi na papai. Hata hivyo tunda baridi linaweza kuumiza meno yaliyo wazi. Likiwekwa karibu na jiko kwa muda, au tufaha likiliwa lingali vuguvugu baada ya kuchemshwa, tatizo hilo linakwisha.

Mzee aliyepata kiharusi, au anayepaliwa mara kwa mara akila, anahitaji uangalifu zaidi. Aketi wima, apewe vipande vidogo vilivyopondwa, asiharakishwe, na asilazwe mara tu baada ya kula. Kupaliwa kwa namna hiyo ni jambo la kumweleza daktari.

Kuhusu tumbo, mwili wa mzee husaga chakula polepole, na kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo wengi hunywa maji kidogo bila kujua. Matokeo yake ni kufunga choo. Nyuzinyuzi zilizo ndani ya papai, embe, pera na chungwa linaloliwa na nyama yake hulainisha choo, mradi mtu anakunywa maji pia. Tikitimaji lenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Asiyezoea matunda asianze na mengi kwa siku moja, tumbo litajaa gesi. Aanze na kipande kimoja, kisha aongeze baada ya siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuacha matunda makali kama ndimu na nanasi, akabaki na ndizi, papai na avokado.

Chai, githeri na damu

Kuna jambo moja la jikoni ambalo halihitaji pesa yoyote. Wazee wengi hula githeri, maharagwe au ndengu, na kikombe cha chai kando yake. Nafaka za kunde na mboga za majani zina madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, lakini mwili huyachukua kwa shida. Majani ya chai huzidisha shida hiyo, kwa kuwa yana kitu kinachoyashika madini hayo yasiingie mwilini. Vitamini C iliyo katika chungwa, chenza, pera, papai na embe hufanya kinyume: husaidia madini hayo kuingia.

Kwa hiyo mzee anayekula githeri na chai kila siku anaweza kuwa na upungufu wa damu huku sahani yake ikiwa imejaa. Chai isogezwe, inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Nafasi yake kando ya githeri ichukuliwe na nusu chungwa au kipande cha pera. Hakuna anayenyimwa chai yake. Imebadilishwa saa tu.

Kuchanganya tunda na chakula si jambo geni katika nchi hii. Avokado na githeri ni marafiki wa siku nyingi. Mukimo wa njahi ulipondwa na ndizi mbivu kwa ajili ya mama aliyejifungua, na waliofanya hivyo walijua kwamba mwili uliochoka unahitaji kitu laini chenye nguvu. Uji wa asubuhi unaweza kutiwa ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari, ukawa mtamu vile vile.

Kisukari, presha na figo

Hofu kubwa kuliko zote ni ya sukari. Mzee akiambiwa kliniki kwamba ana kisukari, mara nyingi kitu cha kwanza anachoacha ni tunda, kwa sababu ni tamu. Kisha anaendelea na chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku.

Hesabu ni hii. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hivi. Vijiko vitatu ni gramu 12. Ndizi moja ya kadiri ina sukari inayokaribia gramu 14, lakini ndani yake kuna nyuzinyuzi zinazoifanya iingie kwenye damu polepole, pamoja na vitamini na madini. Chai hiyo haina nyuzinyuzi. Anayeogopa ndizi moja na kunywa vikombe vitatu vya chai ya namna hiyo ameogopa kisichostahili.

Mwenye kisukari anaweza kula tunda. Masharti ni matatu. Ale tunda zima, si juisi, kwa maana juisi hukamua sukari na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na glasi moja huchukua machungwa matatu au zaidi ambayo mtu asingeyala kwa mara moja. Ale kisehemu kimoja kwa wakati mmoja na kutenganisha saa, kwa mfano nusu ya ndizi asubuhi na kipande cha papai jioni. Tena asichague lililoiva hadi kulegea, maana sukari yake hupanda haraka zaidi. Avokado na pera ni miongoni mwa yanayomfaa sana. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023, wana vifaa vya kupimia presha na sukari nyumbani. Mzee anayetaka kujua tunda fulani linamfanyia nini anaweza kuomba apimwe.

Kwa presha, ndizi, avokado, chungwa na papai yana potasiamu, ambayo huusaidia mwili kutoa chumvi na kulegeza mishipa ya damu. Faida huonekana zaidi chumvi ya mezani ikipunguzwa. Tunda halichukui nafasi ya dawa. Mzee asiache vidonge vyake kwa sababu ameanza kula ndizi.

Hapa pana onyo, na lisipuuzwe. Mzee mwenye ugonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, anaweza kudhuriwa na potasiamu nyingi, kwa kuwa figo zilizochoka hazina uwezo wa kuitoa, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Baadhi ya dawa za presha na za moyo pia huifanya ibaki mwilini. Mtu wa namna hiyo aulize kliniki ni matunda gani anaruhusiwa na kiasi gani. Vilevile balungi hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mafuta ya damu, likafanya dawa izidi nguvu mwilini. Anayetumia dawa kila siku aulize kwanza kabla ya kulila.

Pesa ya tunda

Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee akitenga shilingi 20 kwa siku kwa matunda, ni shilingi 600 kwa mwezi, karibu theluthi ya pesa hizo. Ni kweli kwamba hiyo ni nyingi kwa mtu anayelipa kodi na kulisha wajukuu. Akitenga shilingi 10 kwa siku, ni 300. Ndiyo maana ushauri wa kununua matunda ya aina tano, pamoja na matufaha na zabibu kutoka nje, haumfai mkazi wa kawaida. Tufaha linalong'aa dukani halimpiti pera kwa vitamini C. Ukweli ni kwamba pera lina vitamini C nyingi kuliko tufaha na hata kuliko chungwa.

Msimu ndio rafiki wa mwenye pesa kidogo. Embe hujaa sokoni kati ya Desemba na Machi, na bei hushuka. Avokado nazo zina miezi yake ya wingi, kuanzia Machi hivi. Ndizi na papai hupatikana karibu mwaka mzima. Jioni soko likikaribia kufungwa, wauzaji hupunguza bei ya matunda yaliyolainika, na hayo ndiyo yanayomfaa asiye na meno, maadamu hayajaoza wala kuingiwa na wadudu. Mwenye kisukari tu ndiye asiyachague hayo.

Njia nyingine ni kushirikiana. Papai zima ni ghali kwa mtu mmoja na huharibika kabla halijakwisha. Wazee wanne wa ploti moja wakichanga, kila mmoja anapata kipande siku hiyo hiyo, na zamu ya kununua inazunguka. Watu wa hapa wanajua chama. Chama cha papai hakihitaji cheti wala mwenyekiti.

Maji ya ziwa yalipofika

Kihoto inajua maji. Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2025, lilifika kwenye nyumba, na familia zikaondolewa kwa mashua. Katika hasara zilizotajwa, miti ya matunda haikuzungumziwa sana. Lakini mpapai na mparachichi ni miongoni mwa miti isiyovumilia maji yaliyotuama mizizini. Siku chache zinatosha kuiua. Boma lililokuwa na mpapai mmoja lilipoteza tunda la mwaka mzima.

Mafuriko huleta na hatari ya uchafu. Maji yakipita vyooni, kila yanachogusa kinaweza kubeba kipindupindu na magonjwa ya kuhara, na mzee akiharisha hukaukiwa na maji mwilini haraka kuliko kijana. Tunda laini lililoguswa na maji ya mafuriko litupwe, hata kama linaonekana zima. Tunda lililotoka sokoni lioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Mikono ioshwe kwa sabuni. Vipande vilivyokatwa mapema na kukaa wazi kando ya barabara, nzi wakitua, havimfai mzee. Ni heri anunue tunda zima na kulikata nyumbani.

Aliye na kipande cha ardhi mahali pa juu anaweza kuanza upya. Mpapai hukubali kupandwa kwenye tuta lililoinuliwa, na ukitunzwa huweza kuanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Mparachichi uliopandikizwa huchukua miaka mitatu au minne. Mzee wa miaka 75 anayepanda mpapai leo ana kila sababu ya kutarajia kuula. Asiye na ardhi anaweza kupanda stroberi kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa chini. Kilimo na huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, hivyo mkazi ana haki ya kwenda kwa afisa wa kilimo wa eneo lake kuuliza aina ya mche na mahali salama pa kuupanda.

Haki, si fadhila

Katika Kikuyu, neno kihoto lina maana ya haki, hoja ya kweli ambayo mtu hawezi kuipinga. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Katiba imewataja jamaa pamoja na serikali.

Kwa hiyo mwana au binti anayetuma pesa nyumbani kila mwezi aulize pia kama zinafika kwenye tunda. Anayempikia mzee apunguze ukubwa wa vipande na kuongeza ulaini. Anayemtembelea abebe ndizi badala ya soda. Mhudumu wa afya ya jamii, akiingia nyumbani kupima presha, aulize jana mzee alikula tunda gani. Jibu likiwa hakuna, aulize kwa nini, kisha asikilize. Huenda ni jino. Huenda ni pesa. Huenda ni kwamba alimpa mjukuu. Kila jibu lina njia yake, na kumkaripia si mojawapo.

Mzee mwenyewe anaombwa aanze na kidogo juma hili. Siku ya kwanza, chai isogezwe mbali na githeri. Siku ya pili, soda moja ibadilishwe kwa tunda moja. Siku ya tatu, kipande cha papai baada ya chakula cha mchana, kwa kijiko, bila haraka. Siku zinazofuata, arudie. Tunda moja kila siku kwa mwaka mzima lina faida kubwa kuliko kapu zima linaloletwa hospitalini mara moja.

Wazee wakikataa na kusema matunda ni ya watoto, wajibiwe kwa heshima kwamba watoto hao wanahitaji shosho na guka wenye nguvu za kuwalea. Maswali yaanze, na wenye vifaa vya kupimia presha na sukari wajitokeze ili anayetaka kupimwa apimwe kabla ya kurudi nyumbani.